Kiwanja cha Hatua Ishirini

Mteja wangu wa kawaida huja na vitu viwili: picha ya nyumba ndani ya simu, na karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi inasema kiwanja ni hatua ishirini kwa ishirini. Hatua za nani? Za muuzaji, siku ya kuuziana, dalali akihesabu kwa sauti.

Nimesanifu majengo Dar es Salaam kwa miaka kumi na tisa. Kabla sijachora mstari wowote, navaa viatu vya mpira na kwenda kutafuta bikoni, zile alama za mpimaji kwenye kona za kiwanja. Kule Kibada, palipopimwa kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002, huwa naziona upesi. Kwingine naambulia mti wa mnyaa. Safari moja Kivule nilivuta tepu: upande mmoja mita 18, upande wa pili mita 14 na nusu, na kona ya nne imo ndani ya choo cha jirani.

Watu hudhani ugumu wa kazi yetu uko kwenye maghorofa. Ugumu uko kwa mwenye shamba anayekata vipande kabla mpangamiji hajafika. Barabara haiachi, maana hakuna anayemlipa kwa barabara. Anaacha kichochoro cha kupita mtu na baiskeli. Mteja wa Kivule alishushiwa matofali barabarani, akayaingiza kwa mkokoteni wiki mbili nzima, na pesa ya kubebesha ikala pesa ya dari. Nyumba ikaisha, akahamia. Sasa gari la majitaka halifiki kwake. Shimo la choo likijaa, watu wa mtaa mzima wanasubiri mvua kubwa usiku walifungulie, na kisima cha jirani kiko hatua chache kutoka hapo.

Kuna mama mmoja, mwalimu mstaafu, alinunua kwa kiinua mgongo chake. Msingi ulikuwa umeshamwagwa zege alipokuja kwangu kutaka ramani za kuombea kibali cha ujenzi. Tukaenda halmashauri, tukafunuliwa mchoro wa mipangomiji. Pale kwake pameandikwa shule ya msingi. Aliusoma mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, sasa mbona hiyo shule haipo?" Nikamweleza ninavyowaeleza wote: ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na mwenye hati amepewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Karatasi ya mauziano haina hata mwaka mmoja ndani yake. Alikuwa ameilipia kwa miaka yake yote ya ualimu. Ule mchoro ungeweza kuonwa kabla, asubuhi moja tu, kama kuna mtu angemwambia kwamba upo.

Viwanja vya bondeni huuzwa kiangazi. Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini Agosti mto wenyewe ni mchanga mkavu na watoto wanacheza mpira. Mimi natazama kuta za majirani, alama ya tope imepanda hadi wapi, na kama kuna viroba vya mchanga mlangoni. Kisha namtafuta bibi aliyekaa hapo muda mrefu, nampa shikamoo, namwuliza mafuriko ya Desemba 2011 yalifika wapi. Wengi hawasemi kitu. Wanaweka mkono kifuani.

Urasimishaji wa makazi yaliyojengwa bila kupimwa unajaribu kurekebisha haya baada ya nyumba kusimama. Nilihudhuria mkutano mmoja ambapo kila mwenye nyumba aliombwa amege kidogo ili barabara ipite. Wengi walikubali. Mzee mmoja alisimama akasema atatoa ukuta, atatoa na jiko, lakini pembeni pale amelala mkewe. Hakuna aliyembishia, wala mimi. Mpimaji akaipinda barabara, ikabaki mita 3 penye kaburi.

Nilirudi na tepu yangu siku ya pili. Gari la zimamoto haliwezi kukata ile kona. Nyuma yake kuna nyumba nne nilizozichora mimi.