Mwalimu wa Cheyo, Darasa la Ibra

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimefundisha Kiingereza kidato cha kwanza, hapa hapa Tabora mjini. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anajibu kwa sauti, anabishana. Akiingia sekondari, hisabati, baiolojia na jiografia zote zinamjia kwa Kiingereza, naye ananyamaza. Ukimya huo ulinisumbua muda mrefu kabla sijapata nafasi ya kwenda kufundisha Omani.

Nchi ile niliitamani tangu utotoni. Kwetu Cheyo tulikua jirani na familia zenye asili ya huko, na picha walizotumiwa na ndugu zao tulizishika kwa zamu: milima isiyo na mti hata mmoja, mitende chini yake, nyumba nyeupe. Baadaye nikasoma kwamba wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kaze, hapa hapa Tabora, mwaka 1857, mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa kabila la Waharthi aliyeanza kwa kuuza halua Muscat, akaja kutajirika huku bara kwa pembe za ndovu na watumwa. Mnyamwezi anayekwenda Omani anakwenda na ukarimu wa historia hiyo pamoja na dhuluma yake, na mimi nilikwenda nazo zote mbili.

Vyeti vikagongwa mihuri wizarani na ubalozini, nikaruhusiwa likizo bila malipo, wanangu nikawaacha kwa mama yao mdogo. Nilipanda treni hadi Dar es Salaam, kisha ndege. Shule binafsi iliyoniajiri ilikuwa Ibra, mji wa ndani, kusini-mashariki mwa Muscat, na ndiko kwao Waharthi. Katika mtaa wa kale wa Al Manzafah bado yamesimama majumba ya wafanyabiashara, mengine magofu, yaliyojengwa kwa mali iliyotoka kwetu Afrika Mashariki.

Wiki ya kazi huko inaanza Jumapili. Nilipewa wasichana wadogo, na baadhi yao walikuwa bado wakifungua daftari na kuanza kuandika kutokea kulia. Herufi ya p iliwatesa wote, kwa kuwa Kiarabu hakina sauti hiyo. Kila p ikatoka b. Nikachana ukurasa wa daftari vipande vyembamba, nikamgawia kila mtoto kimoja. Shika mbele ya midomo, sema b: karatasi imetulia. Sema p: karatasi inaruka. Darasa zima likawa linapuliza, linacheka, linajaribu tena. Mmoja aliyekaa nyuma, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, alikuja na kipande chake hadi mezani kwangu ili nione kinavyoruka.

Nilijua la kufanya kwa sababu nami Kiingereza nilikitolea jasho. Nyumbani tulisema Kinyamwezi, na r na l zilinipa shida mpaka nikiwa chuo cha ualimu. Aliyejifunza lugha ukubwani analijua kila jiwe lililomkwaa njiani, na anaweza kumwonyesha mwenzake.

Likizo moja nilikwenda soko la Jumatano, soko la wanawake la Ibra. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa alinisikia nikihesabu hela kwa Kiswahili.

“Mwanangu, wewe wa wapi?”

“Shikamoo bibi. Natoka Tabora.”

“Marahaba. Tabora ya wapi? Gongoni? Ng’ambo?”

“Cheyo, bibi.”

Alinishika mkono, akauliza kama miembe ya barabarani bado inazaa, akaniagizia kahawa na tende. Alizaliwa kwetu, akaondoka akiwa msichana.

Omani mwaka 1970, Sultani Qaboos alipotwaa madaraka, ilikuwa na shule tatu tu za kisasa. Walimu waliitwa kutoka Misri, Jordan, Sudan, na Waomani wenyewe waliozaliwa, kama bibi yule, Unguja na bara wakarudi kufundisha. Mageuzi yaliyoanza mwaka 1998 yaliweka Kiingereza tangu darasa la kwanza. Katika shule za serikali mtoto hujifunza hesabu na sayansi kwa Kiarabu, na Kiingereza hukisoma kama somo, taratibu. Watoto niliokutana nao walikosea sana, lakini walisema.

Sasa nimerudi Tabora, kidato cha kwanza. Wiki za mwanzo nafundisha mdomo: kioo kidogo mkononi, mtoto aone ulimi wake unakaa wapi kwenye r na unakaa wapi kwenye l. Wenzangu wananiambia mtaala haungoji. Najibu kwamba mtoto aliyenyamaza hausomi mtaala huo hata tukiumaliza. Wanaopanga elimu yetu nawaomba wampe mwalimu wa kidato cha kwanza muda wa kufundisha lugha kwanza, mwaka mzima ikibidi, kabla haijatumika kumpima mtoto katika kila somo.