Ukienda Gusii na kamera ya mtumba

IWAPO hujawahi kufika Gusii, fanya hima. Ukitoka mjini Kisii kuelekea Nyamira, barabara hupanda na kushuka vilima, huku migomba na majani chai yakikusindikiza kushoto na kulia. Ni nchi ya kupigwa picha. Lakini pia ni nchi ya mvua. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500, na mara nyingi alasiri, baada ya asubuhi yenye jua zuri. Unyevu huo ndio adui wa kamera.

Kamera yangu ya kwanza ya filamu niliinunua kwa sababu iling'aa. Sikuifungua hata mlango wa nyuma. Nikaenda nayo Nyamira kwa nyanya yangu. Alijifunga leso mpya, akaketi chini ya mgomba, nami nikampiga picha zote 36. Filamu iliposafishwa, kila picha ilikuwa na ukungu kama moshi, na mstari mwekundu ukipita usoni mwake. Kabla sijapata kamera nyingine, nyanya alikuwa ametuaga.

Wewe usirudie kosa langu. Kama ndio unaanza, tafuta kamera isiyohitaji betri ili kupiga picha. Mfano ni Pentax K1000, iliyoundwa kuanzia 1976 hadi 1997. Betri yake huendesha kipima mwanga tu. Ikiisha ukiwa safarini, kazi inaendelea. Lakini kumbuka kuwa hata iliyo changa kati ya hizo imepita miaka 25. Kwa hivyo ikague kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, fungua mlango wa nyuma kukiwa hakuna filamu. Weka kasi ya sekunde moja, ubonyeze. Kipazia cha ndani kifunguke kwa sekunde nzima, kisha kifunge bila kukwama. Jaribu kasi zote, moja baada ya nyingine, ukiielekeza kamera kwenye mwanga.

Pili, itoe lenzi, fungua tundu lake lote na uimulike kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hilo ni kuvu. Mrudishie mwenyewe, hata akikupunguzia bei. Huo ndio uliokuwa moshi wa picha zangu.

Tatu, gusa sponji nyeusi zinazozunguka mlango wa nyuma. Zikinata kidoleni kama lami, zimeoza na zitapitisha mwanga. Ndizo zilizoleta ule mstari mwekundu. Hizi hubadilishwa, kwa hivyo usiikatae kamera, omba upunguziwe.

Ukishanunua, filamu ya kwanza iwe ya majaribio. Panda Manga asubuhi, pale ukuta wa mlima unapotazama mabonde. Kwa filamu ya kasi 100, jua likiwaka weka tundu 16 na kasi ya 125. Mawingu yakitanda kote, fungua tundu hadi 8. Andika kila picha daftarini, ili zikisafishwa ujue ulipokosea. Siku nyingine teremka Tabaka, uwaone mafundi wakichonga mawe ya sabuni. Vumbi lake ni laini kama unga, kwa hivyo usibadilishe lenzi hapo. Na ukirudi nyumbani, usiifungie kamera katika mfuko wake wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na kuvu hupenda giza.

Filamu siku hizi ni ghali, na wanaosafisha ni wachache. Huenda ukaona ni hasara kuimaliza filamu nzima kwa vilima na migomba. Si hasara. Ukishaziona picha hizo na kuridhika, ndipo umwendee mzee wako, umwombe aketi chini ya mgomba. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi ndiye mjukuu huyo.