Niliona, ila niliogopa kusema (Sehemu ya 4: Kuzunguka visiwa kwa boti na watoto)

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu likizo na watoto, na wengi mkaniuliza jambo lile lile: ile safari ya boti ya kuzunguka visiwa kule Zanzibar, mtoto mdogo anaweza? Anaweza. Lakini nina kisa ambacho sijawahi kukisimulia hapa kwa sababu kinaniaibisha, na nadhani kitakusaidia kuliko jibu langu.

Kwanza nikwambie kulivyo, maana siandiki ili uogope bahari. Ghuba ya Menai iko kusini magharibi mwa Unguja, na imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997. Boti nyingi za matembezi huondokea Fumba. Ndani ya ghuba kuna visiwa vidogo vidogo: Kwale, Pungume, Miwi na vingine. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, fungu la mchanga linajitokeza katikati ya bahari, jeupe, na watoto wanakimbia humo kama uwanja wao. Maji yakianza kujaa fungu linamezwa, mnahamia kisiwani kula samaki wa kuchoma na pweza. Halafu alasiri, bahari ikiwa imejaa sawasawa, boti inaweza kuingia mahali ambapo asubuhi haikuweza: katikati ya mikoko, au kwenye vijighuba vyenye ufuko mdogo uliofichwa na miamba ya matumbawe. Huko hakuna barabara wala hoteli. Ni ninyi, mchanga na maji ya rangi ambayo ukipiga picha watu wanadhani umeichezea.

Sisi tulikwenda likizo ya Desemba, miaka mitatu iliyopita. Mimi, mume wangu, kijana wetu wa miaka tisa na binti yetu aliyekuwa na miaka minne. Tulifikia kwa wifi yangu Mwanakwerekwe. Pesa ya safari niliidunduliza miezi mitano, zamu za usiku zile. Nawaambia hili ili mwelewe kwa nini sikutaka chochote kiniharibie siku.

Na kuna jambo jingine. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza na siwezi kuogelea. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 nilikuwa mtoto mdogo, na mtaani kwetu kulikuwa na misiba nyumba kwa nyumba. Tangu siku hiyo mama yangu hakuturuhusu kukanyaga ziwani hata kifundo cha mguu. Nimekulia kando ya maji mengi kuliko watu wengi, na sijui kuyatumia. Nilijiapiza wanangu wasirithi hofu hiyo.

Basi pale Fumba tukavuliwa viatu, tukatembea majini yakiwa chini ya magoti mpaka kwenye boti. Tulikuwa watu kama kumi na wanne. Nahodha alikuwa mzee mmoja mpole. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu, karibuni sana." Kijana wa boti akaanza kugawa majaketi okozi. Yote yalikuwa ya watu wazima.

Hapo ndipo niliona. Alimvika binti yangu, akafunga kamba, na jaketi likapanda mpaka masikioni. Mtoto akacheka, akasema amekuwa kobe. Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kichwani nilikuwa najua kabisa kwamba hili halijamkaa. Nikamwangalia mume wangu, akasema, "Tuko naye wote, twende tu." Wenzetu walishakaa, mashine inanguruma, hela imeshalipwa. Nikajisemea, nikisimamisha watu wote hawa kwa ajili ya jaketi nitaonekana mama mwenye makuu, mtu wa bara anayeogopa maji. Nikanyamaza.

Siku ilikwenda vizuri, na ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu mambo yakienda vizuri saa tano mfululizo unasahau ulichokiona asubuhi.

Alasiri tukaingia kwenye kijighuba. Jamani, ni pazuri. Miamba pande zote mbili, imeliwa na maji kwa chini kama uyoga, na katikati ufuko usiozidi upana wa uwanja wa shule. Boti haikuweza kusogea hadi mchangani kwa sababu ya mawe, kwa hiyo tukashukia majini. Nilitangulia mimi. Nilitarajia maji ya magotini kama asubuhi, yakanifika kifuani.

Mume wangu akamwinamia kijana wa boti ili ampokeze mtoto. Likaja wimbi dogo tu, la kawaida. Boti ikayumba, mikono ikapishana, mtoto akateleza katikati yao. Jaketi likabaki juu ya maji. Yeye akashuka chini yake. Nikaona mkono mmoja umetokea kwenye tundu la jaketi, vidole vimekunjuka, halafu sikuona kitu.

Hakulia. Hakupiga kelele wala kurusha maji kama tunavyoona kwenye filamu. Nimesomea diploma ya uuguzi miaka mitatu, nilifundishwa darasani kwamba mtoto anazama kimya, na bado siku hiyo masikio yangu yalikuwa yanasubiri kelele. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Sijui nilizipigaje hatua hizo. Nilishika nguo, nikavuta, na kijana wa boti alikuwa ameshajirusha, akamshika kwapani. Haikuzidi sekunde tano. Akakohoa, akatapika maji kidogo, ndipo akalia. Sijawahi kufurahia kilio namna ile, hata leba.

Nikakaa naye mchangani. Nikahesabu anavyopumua, nikaangalia midomo yake, nikaweka sikio kifuani. Kikohozi kikakoma baada ya dakika chache na alikuwa anaongea vizuri, lakini nilimwangalia hivyo hivyo mpaka usiku, nikimwamsha kila mara. Ule ufuko uliofichika tuliokuja kuuona, sikumbuki rangi ya mchanga wake. Nakumbuka vidole.

Mzee nahodha alishuka akaja. Hakujitetea. Aliniomba kanga yangu, akaikunja kwa urefu, akaipitisha kati ya miguu ya mtoto, akaifunga nyuma na mbele kwenye jaketi ili lisipande tena. Akasema, "Mngeniambia asubuhi ningefanya hivi. Mimi macho yangu yako kwenye maji na mashine. Mtoto, mama ndiye anayemwona."

Nikamwambia, "Niliona mzee. Niliogopa kusema."

Na nilipoyasema maneno hayo nikashtuka, kwa sababu si maneno yangu. Ni maneno ninayoyasikia wodini kila wiki. Mama anakuja asubuhi mtoto hali mbaya, namuuliza ilianza lini, ananiambia, "Nesi, tangu usiku niliona anavyopumua si kawaida, ila niliogopa kuwasumbua." Mwingine aliona dripu imevimbisha mkono, akanyamaza. Mwingine aliona dawa ya leo si rangi ya jana. Huwa nawagombeza akina mama hawa. Nawauliza, kwa nini hukusema? Nilikuwa sielewi kabisa. Pale mchangani, nimevaa dera lililolowa na mtoto mapajani, ndiyo nikaelewa. Mtu hanyamazi kwa kuwa hajali. Ananyamaza kwa kuwa wengi wametulia, na yeye peke yake ndiye anayeona tatizo, na anadhani basi kosa liko kwake.

Siku hizi mama akiniambia hivyo simgombezi. Namwambia asante kwa kuniambia, na kesho niite hata kama ni saa tisa za usiku.

Sasa nirudi kwenye swali lenu. Ukitaka kwenda, nenda, ila fanya haya:

Uliza jaketi la mtoto kwa simu, kabla ya kulipa. Taja umri na uzito wake. Likiwa halipo, tafuta boti nyingine au nunua la kwako. La mtoto mdogo liwe na mkanda wa kupita kati ya miguu. Mkishamvika, shika mabegani mwa jaketi uvute juu. Likipanda mpaka kidevuni au masikioni, si lake.

Uliza maji yanajaa na kupwa saa ngapi siku hiyo. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti inaweza kufika mita nne hivi. Palipokufika kifundoni asubuhi panaweza kukuzidi kichwa jioni.

Wakati wa kupanda na kushuka, mtu mmoja mzima amshike mtoto mmoja, na mtu huyo ajulikane kwa jina. Msiseme "tuko naye wote". Ukisikia wote, jua hakuna mtu. Simu iwe mfukoni, picha zitasubiri.

Jua la baharini halina huruma. Kofia, nguo nyepesi ya mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua yapakwe tena kila baada ya saa mbili. Mtoto chini ya miezi sita akae kivulini muda wote na anyonye mara kwa mara. Wakubwa wapewe maji hata kabla hawajaomba. Anayechafukwa na bahari akae katikati ya boti na atazame mbali, asiinamie simu.

Na Mungu aepushe, mtoto akitolewa majini hapumui: usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kisha mkandamize kifua katikati mara 30 na pumzi 2, rudia, huku mwingine anatafuta msaada. Na hata aliyezinduka mwenyewe, akiendelea kukohoa, kupumua haraka au kusinzia isivyo kawaida, hospitali moja kwa moja. Usisubiri asubuhi.

Desemba iliyopita tulirudi. Nilipiga simu boti tatu. Wa kwanza akaniambia, "Dada, ya watoto hatuna, lakini usiwe na wasiwasi." Nikamshukuru, nikakata. Wa pili naye hana. Wa tatu akaniuliza uzito wa mtoto kabla sijamaliza kuongea. Tukaenda naye.

Binti yangu sasa ana miaka saba. Kwenye kijighuba kile alishuka mwenyewe, jaketi limemkaa, mkono wake mmoja ndani ya wangu. Kanga nilibeba, tukaikalia tu. Ameanza kujifunza kuelea chali, kaka yake anamfundisha. Mimi nilikaa majini mpaka kiunoni, na safari hii mchanga niliuona: ni mweupe wenye vipande vidogo vya matumbawe.

Mama yangu nilimpigia simu Mwanza kumwambia tulikokuwa. Akanyamaza muda, akauliza swali moja tu, "Jaketi lilimtosha?"

Wiki ijayo nitaandika kuhusu homa ya usiku: lini usubiri, na lini uniamshe. Mbaki salama.