Kadi Tano za Babu Ambaye Hakuna Aliyepewa Jina Lake

Mpenzi msomaji, kama jamaa zako wanatoka Nyeri, hebu waombe wazee wakuonyeshe karatasi yoyote iliyoandikwa kabla ya mwaka wa 1954. Wengi watakuonyesha mikono mitupu. Mwaka huo serikali ya kikoloni, ikipambana na Mau Mau, ilianza kuwatoa watu katika maboma yao na kuwasonga katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na vijiti vilivyochongwa. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa vijiji zaidi ya 800. Nyumba nyingi zilitiwa moto wenyewe wakitazama. Barua, picha, vyeti vya ubatizo na risiti za kodi viliteketea pamoja na nyasi za mapaa.

Wako waliojua kuficha. Marehemu Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina, aliandika shajara akiwa kizuizini, ikachapishwa mwaka wa 1983 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma. Lakini yeye alikuwa mtu wa kalamu. Nyanya yangu hakujua kusoma hata herufi moja, na bado aliokoa kadi tano.

Tulizipata mwaka wa 2019, wiki chache baada ya kumzika huko Mathira. Zilikuwa ndani ya mkebe wa majani ya chai, zimefungwa kwa kitambaa, chini ya sanduku lake la nguo. Zote zilikuwa za kati ya 1942 na 1944, zimeandikwa kwa Kiswahili cha jeshini kilichojaa salamu, na zote zilitumwa kupitia misheni ya Waskoti ya Tumutumu, maana siku hizo mtu wa kijijini hakuwa na sanduku la posta. Ilibidi mwalimu wa misheni azipokee, azisome, kisha aeleze kwa Kikuyu.

Hazikuwa zimetoka kwa babu yangu. Zilitoka kwa ndugu yake mdogo.

Msomaji, hapo ndipo nyumba nzima ilipotulia. Katika jamaa yetu mtu huyo alikuwa hatajwi ila kwa kejeli. Tuliambiwa alikwenda pwani wakati wa vita, akapendezwa na bahari, akaoa huko na kuwasahau waliomzaa. Mtoto akionekana mvivu wa kurudi nyumbani alipotumwa dukani, aliambiwa anafuata nyayo za yule wa pwani. Mashamba yalipounganishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, hakutengewa fungu. Tena, ingawa desturi yetu hutaka watoto wapewe majina ya babu kwanza kisha ya ndugu za wazazi, babu yangu alipata wavulana wanne na hakuna hata mmoja aliyeitwa kwa jina la ndugu yake. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kadi nne za kwanza hazina mengi. Anasema yeye ni mzima, anauliza hali ya ng'ombe, anataka kujua kama mvua imenyesha. Katika moja anafanya mzaha kwamba amelishwa kabichi zilizokaushwa na huenda zilitoka shambani kwao. Si mzaha wa bure: wakati wa vita kulikuwa na kiwanda Karatina kilichokausha mboga kwa ajili ya jeshi, na kina mama wa Mathira walikuwa wakipeleka viazi na mboga huko. Kila kadi inamalizika kwa kutaja mbuzi waliopelekwa kwa wazazi wa msichana fulani, na kusihi wasihesabiwe upya mpaka arudi.

Nilimuuliza shangazi msichana huyo ni nani. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Wewe unafikiri mama alitunza kadi za nani?" akaniuliza.

Naam. Nyanya alikuwa amechumbiwa na mdogo mtu. Mahari ilikuwa imeanza kutolewa, tena kutoka zizi la boma moja. Ilipofika mwaka wa 1946, wengine wakirudi kutoka Burma na yeye haonekani, wazee walikata shauri kwamba mbuzi hawawezi kupotea bure, na nyanya akaolewa na kaka mtu. Baba yangu alizaliwa katika ndoa hiyo. Mimi pia nimo humu duniani kwa sababu ya hesabu hiyo ya mbuzi, na sijui ni nani nimshukuru.

Kadi ya tano ndiyo iliyoleta fitina. Upande mmoja ina picha ya Fort Jesus, Mombasa. Mkaguzi wa barua wa jeshi alikwaruza maandishi yaliyo chini ya picha ili adui asijue kikosi kilipo, kana kwamba ngome ile inafichika! Basi watu wa Mathira, ambao hawakuwa wamewahi kuona bahari, waliona minazi na maji, na baada ya hapo hawakupata barua nyingine. Wakahitimisha kwamba kijana wao amehamia huko. Lisemwalo lipo, walisema wahenga, lakini hili halikuwepo.

Ushauri wangu, msomaji, ukipata kadi ya zamani usikimbilie ujumbe. Tazama kwanza tarehe, muhuri na anwani ya mtumaji. Kadi yetu iliandikwa siku za mwanzo za Februari 1944. Kando ya jina lake kuna nambari yake ya jeshi, na baada yake 301, kisha herufi E.A.A. Hiyo ilikuwa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, na yaliyoipata yanajulikana. Mapema mwezi huo iliondoka bandari ya Kilindini ikielekea Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, ndani ya meli iliyoitwa Khedive Ismail. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli hiyo kwa makombora mawili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa walikuwa karibu 1,300, wengi wao wa rejimenti hiyo, na waliookolewa walizidi 200 kidogo tu.

Kama kuna barua ya serikali iliyotumwa Mathira, haikufika bomani kwetu.

Mjini Nyeri amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki Januari 1941, na wageni huvuka bahari kuja kuliona kaburi lake. Askari wetu hana kaburi. Majina ya wenzake yamechongwa kwenye kumbukumbu iliyo katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, Ngong Road, mahali ambapo nimepita kwa matatu miaka mingi nikienda kazini. Nilikwenda huko na shangazi siku ya Jumamosi. Jina tuliliona, ingawa limeandikwa jinsi sikio la karani wa Kiingereza lilivyolisikia. Shangazi alibisha kwamba majina yanafanana. Ndipo nilipotafuta katika intaneti kumbukumbu za Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo mtu yeyote aweza kuzisoma bila malipo, nikalinganisha nambari ya jeshi na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaomba nimsomee tena.

Utadhani mambo yaliishia hapo. La. Mke wa kaka yangu atajifungua mwezi ujao, na wavulana wawili wa kwanza wameshapata majina ya babu zao. Baba mkubwa anataka huyu, akiwa mvulana, apewe jina la marehemu. Baba mdogo amekataa katakata, maana kwa zamu ya desturi jina linalofuata ni lake yeye, naye yu hai na amengoja. Binamu mmoja ameuliza kama mwenye jina atadai pia fungu la shamba ambalo halikutengwa. Ndiyo sababu sikulitaja jina lenyewe hapa; wenyewe hawajakubaliana.

Kikao kimeahirishwa. Tulipokuwa tukitawanyika, shangazi aliitoa kadi ya Fort Jesus mkebeni, akaitia kwenye mkoba wake wa kanisani, na hakuna aliyemwambia airudishe.