Mwanasesere Mwenye Kiko

Ndugu walimu, kila anayefundisha Kiswahili katika nchi ambayo lugha hii haikuzaliwa hukutana, mapema au baadaye, na swali moja lisiloandikwa katika mtaala: mwanafunzi anaposikia Kiswahili, humwona nani? Maana lugha, kabla haijawa sarufi na msamiati, ni mtu aliyesimama mbele yako akikusemesha. Akiwa mtu mwema, utaitamani lugha yake. Akiwa mtu aliyekutisha, utaikimbia hata kama waifahamu. Katika kurasa hizi tunaomba ruhusa ya kusimulia jambo dogo, jambo la uzi na sindano, lililotufunza habari hiyo kuliko vitabu vyote tulivyosoma tulipokuwa tukiitafuta stashahada ya ualimu.

Tumezaliwa Masaka, kusini mwa Uganda, katika nchi ya migomba na mibuni. Mama yetu, ambaye sasa amepita miaka sabini, ni mfumaji. Tangu utoto wetu tulimwona kila jioni ameketi mkekani barazani, sindano ya kroshia mkononi, akifuma vitambaa vyeupe vya kutandikwa juu ya viti na meza. Vitambaa hivyo ndivyo vilivyotulipia karo. Yeye mwenyewe, kwa Kiganda, huviita "ebitambaala", meza huiita "emmeeza," kitabu "ekitabo," na sabuni "ssabbuuni." Nyumba yake imejaa maneno yaliyopanda bara pamoja na misafara ya karne ya 19, lakini Kiswahili chenyewe hakikuruhusiwa kuvuka kizingiti.

Sababu yake ni hii. Katika miaka ya 1970, chini ya utawala wa Idi Amin, Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na mwaka 1973 kilitangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa. Amri ni njia mbaya ya kumjulisha mtu na lugha. Mama alijulishwa nayo kwenye vizuizi vya barabarani. Siku moja basi alilopanda lilisimamishwa, na kaka yake, mjomba wetu ambaye hatukujaliwa kumwona, akashushwa. Hakurudi. Maneno aliyoyasikia siku hiyo mama ametutajia mara moja tu, nasi tulikuwa tumekwisha kuwa watu wazima: "Toka. Kaa chini. Nyamaza." Kisha mwezi wa Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Masaka, mji ukabomolewa vibaya, na askari hao nao walisema lugha ile ile. Mama hakuwa na kinyongo nao, lakini masikio yake hayakuweza kuchagua.

Tukitazama kwa jicho la mwalimu wa sarufi, twaona kwamba Kiswahili chote alichokuwa nacho mama kilikuwa katika hali ya kuamuru. Hakuna aliyepata kumwuliza swali kwa lugha hii huku akilitaka kweli jibu lake.

Basi tulipochagua kusomea ualimu wa Kiswahili hakutugombeza. Alinyamaza, nasi tunaomjua tuliufahamu uzito wa ukimya wake. Siku tulipomletea stashahada yetu aliipangusa vumbi kwa ncha ya kitambaa, akaiweka kabatini, akasema kwa Kiganda, "Vema, mwanangu. Lakini lugha hiyo ukaisemee huko huko shuleni." Tuliitii kauli hiyo kwa zaidi ya miaka kumi na mitano.

Mwaka jana tulikuwa tukijiandaa kwa Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa tarehe 7 Julai ya kila mwaka. Tukawataka wanafunzi wa kidato cha pili wachore picha ya mtu anayesema Kiswahili. Tulitarajia wavuvi, mabaharia, pengine waimbaji wa taarabu. Tulipokea askari wenye bunduki, mmoja baada ya mwingine, na baada ya askari wakaja wezi waliojifunika nyuso. Msichana mmoja alituchora sisi, mwalimu wake, nasi tulifurahi mpaka tulipotazama vizuri na kuona kwamba mkononi tumeshika fimbo. Fimbo hiyo hatumpigii mtu. Tulizoea kuonyeshea maneno ubaoni. Lakini aliyechora hakuchora ubao.

Watoto hawa walizaliwa miaka thelathini baada ya vita vile. Katika nchi yao Kiswahili kiliingizwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sheria ilikuwa imebadilika, ilhali picha ilibaki pale pale. Hatukuona faida ya kuwahubiria kwamba Kiswahili ni lugha tamu. Tuliona kwamba picha haiondolewi kwa maneno. Huondolewa kwa picha nyingine. Walihitaji kuonyeshwa mtu mwingine.

Ndipo tulipomkumbuka Bwana Msa. Wasomaji wa siku nyingi hawahitaji kujulishwa naye. Muhammed Said Abdulla, mhariri wa magazeti huko Unguja, alimleta ulimwenguni katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Baadaye akamrudisha katika Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na vitabu vinginevyo. Wahakiki wamemfananisha na Sherlock Holmes, na rafiki yake Najum wamemfananisha na Dakta Watson. Sisi tulimpenda tangu tulipokuwa chuoni kwa sababu iliyo nyepesi zaidi: ni mpelelezi, naye si askari. Silaha yake ni akili, na msaidizi wa akili hiyo ni kiko chake. Watu wakisema ni mzimu, yeye humtafuta binadamu. Tena humtafuta kwa kuuliza.

Tukaazimia kumfuma. Wajapani wanayo sanaa ya kufuma wanasesere wadogo wa kujazwa pamba, waiitayo amigurumi, nayo imeenea pande nyingi za dunia. Kazi hii si sawa na kazi ya mama. Kitambaa hufumwa bapa na kwa nafasi, ili nakshi ionekane. Mwanasesere hufumwa kwa kuzunguka, kwa vitanzi vilivyobanana, ili kilichomo ndani kisichungulie nje. Mfumaji huanza na pete ya uzi yenye vitanzi 6. Mzunguko wa pili huviongeza viwe 12, wa tatu 18, wa nne 24, mpaka kichwa kipate upana wake. Baada ya hapo huzunguka mara kadhaa bila kuongeza, kisha hupunguza kwa hesabu ile ile aliyopandia, na kabla mdomo haujafumba hujaza pamba. Ni kazi ya kuhesabu sita sita, wala haimsamehi anayesinzia.

Nasi tulisinzia. Tulikuwa tukifuma usiku, baada ya kusahihisha madaftari, na mahali fulani tukasahau kupunguza. Tena kwa kutaka kubana matumizi tulijaza vipande vya kitenge tulivyopewa na fundi cherehani, hata kichwa kikaota manundu. Mama alitutazama jioni mbili bila kutia neno. Jioni ya tatu alinyoosha mkono. "Lete hicho," akasema. "Kimekaa kama muhogo." Akaitafuta ncha ya uzi, akaivuta, na kazi yetu ya siku tatu ikageuka chungu ya uzi mapajani mwake. "Anza upya. Mimi nitahesabu."

Akahesabu kwa Kiganda: emu, bbiri, ssatu. Kila tulipofika sita aligusa goti letu kwa kidole, kama alivyofanya tulipokuwa wadogo. Ulipofika wakati wa kujaza alikwenda chumbani, akafumua pindo la mto mkuukuu, akatuletea pamba yake. Hakuuliza mwanasesere huyo ni nani. Sisi nasi hatukumwambia.

Bwana Msa alipokamilika mwili tulimpeleka darasani hali hana nguo. Tukawaambia wanafunzi kwamba hatutamvisha chochote ila kwa ushahidi. Mvulana mmoja akasema avikwe kanzu na kofia, kwa kuwa ni mtu wa Unguja. Msichana akapinga: avikwe koti na tai, kwa kuwa mtu mwenye akili za namna ile lazima awe ameajiriwa ofisini. "Ushahidi uko wapi?" tukauliza. Tulikuwa na nakala moja tu ya kitabu, yetu wenyewe, yenye jalada lililoshikizwa kwa gundi. Wakaisoma kwa zamu chini ya mwembe, mmoja akitoa sauti na wengine wakipekua kamusi. Walikuwa wakitafuta nguo, wakakuta kifo. Wiki ya pili ilipoanza, habari ya kanzu ilikuwa imesahauliwa, nao walikuwa wakibishana juu ya mtuhumiwa, na ubishi huo, kwa mara ya kwanza katika darasa letu, ulikuwa wa Kiswahili. Mwishowe ilibidi kupiga kura ili mgeni wetu asihudhurie maonyesho akiwa uchi, na kanzu ikashinda kwa kura tatu. Kiko hakikupigiwa kura. Wote walikubaliana kwamba bila kiko huyo si Bwana Msa. Wakakichonga kwa kijiti cha mbuni, tukakizungushia uzi mweusi.

Yule msichana aliyetuchora na fimbo alimshika mwanasesere kitambo, akamgeuzageuza. "Mwalimu," akasema, "huyu hafoki." Siku hiyo tuliichukua fimbo yetu ya ubaoni tukaitia stoo. Tangu hapo twaonyesha kwa kidole.

Jioni ya mkesha wa maonyesho tulikuwa barazani tukikishona kiko mdomoni. Mama aliinua macho. "Mzee wako anavuta emmindi," akasema, ndilo jina la kiko kwa Kiganda. "Ni nani huyu?"

Tukamweleza kwamba ni mtu wa katika hadithi, mkaazi wa Unguja, ambaye watu wanapofanyiwa uovu huutafuta ukweli mpaka akaupata.

"Ni askari?"

"Hapana, mama. Si askari."

Alifuma mstari mzima kabla ya kusema tena. "Nisomee." Tukamwuliza kama tumtafsirie. "Soma kama kilivyoandikwa."

Twakiri kwamba sauti ilitutetemeka. Tumesoma mbele ya wakaguzi na mbele ya wazazi, lakini hatukupata kusoma Kiswahili chini ya paa lile. Tulisoma polepole kurasa mbili, huku tukiitazama sindano yake. Mara ilikwenda, mara ilisimama, na tulipochunguza tuliona kwamba husimama pale penye jambo. Alikuwa akifuata. Meza, kitabu, saa na sahani zilikuwa zimemfungulia mlango. Mengine alikuwa ameyahifadhi miaka yote hiyo bila kumwambia mtu. Usiku uliofuata aliuleta mkeka wake mwenyewe karibu na taa.

Ilikuwa usiku wa kumi. Tulikifunga kitabu mahali pabaya, kama ilivyo desturi ya wasimuliaji, tukainuka kwenda kufunga mlango. Nyuma yetu tukasikia sauti, kwa Kiswahili kizito chenye lafudhi ya Kiganda:

"Nani aliua?"

Tulisimama na kitasa mkononi. Sarufi ingependa "Ni nani aliyemwua?" Hatukusahihisha. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiswahili tuliyopata kuisikia ikitoka kinywani mwake kwa hiari, nayo haikuwa amri. Tena tulijua kwamba swali hilo alikuwa nalo kabla ya kitabu hiki, tangu siku ile ya basi, na kwamba hapakuwa na mtu wa kumwuliza. La hadithi tuliweza kulipa ahadi. "Kesho, mama," tukasema. Lile jingine halina kesho ya namna hiyo, naye alijua, akaendelea kufuma.

Ndugu walimu, hatusemi kwamba mwanasesere wa uzi huponya vidonda vya taifa. Mama bado hajibu akisemeshwa Kiswahili sokoni, wala hatumlazimishi. Tunalosema ni kwamba darasa lisilopewa mtu wa kumpenda katika lugha hubaki na yule wa kumwogopa, na kwamba fasihi yetu ina watu tele wanaongoja kupewa mikono na nguo. Atakayetaka kujaribu hahitaji fedha nyingi: robo kilo ya uzi, sindano moja, pamba ya mto mkuukuu, na kitabu kimoja kinachoweza kupita mikononi mwa wengi. Awaachie wanafunzi wachague mhusika, lakini asiwaruhusu kumvisha hata kifungo bila kurudi kitabuni.

Bwana Msa sasa yuko kabatini kwetu, karibu na ile stashahada; shuleni huenda kwa mwaliko. Juzi tulimkuta mama ameanza pete mpya kwa uzi wa kahawia. Tulipomwuliza anafuma nini, alisema kwamba mtu mwenye kazi ya kufikiri hawezi kukaa peke yake, na kwamba Najum asiachwe. Alikuwa amefika mzunguko wa nne. Tukaketi kando yake, tukamhesabia vitanzi ishirini na vinne kwa Kiswahili, naye hakutukataza.