Kadi moja, watu watano



Wengi mmeniuliza habari za safari yetu ya mwaka 2023, tulipoenda kumwona mdogo wangu aliyejifungua kule Bruxelles. Ya Ubelgiji nitaeleza siku nyingine. Leo nataka kuwasimulia saa tatu tu, zile tulizokaa ndani ya chumba cha mapumziko kwenye uwanja wa ndege wa Bole, mjini Addis Ababa.

Tulitoka Luano watu watano: baba watoto, mama yangu mzazi, binti yetu wa miaka 8, mtoto wa miezi 14, na miye. Kule Addis tulipaswa kungoja ndege ya pili kwa muda wa saa sita. Bole ni njia panda ya Afrika, na saa za usiku watu wa kila nchi wanakutana pale. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba. Mtoto alikuwa analia.

Baba watoto akakumbuka kadi ya benki aliyopewa kazini. Alikuwa ameambiwa kwamba inafungua vyumba vile vya mapumziko. Tukaenda sote kwa furaha. Binti wa mapokezi akaiangalia, akatuambia kwa upole: kadi inaingiza mwenyewe na mgeni mmoja. Mtoto mdogo halipi. Wawili waliobaki, dola 35 kila mmoja.

Dola 70! Kwa mwalimu kama miye, hiyo ni karibu nusu ya mshahara wa mwezi. Nikasema neno ambalo kila mmoja wetu angelisema: «Ingieni ninyi na Mama. Miye nitabaki huku na watoto.»

Baba watoto akanyamaza, akainamisha kichwa. Nilikuwa nimesahau. Kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama mkwe. Kuwatia wawili hao chumba kimoja, mbele ya meza iliyojaa chakula, ni kuwalaza njaa wote wawili.

Mama hakucheka. Alifungua fundo la kikwembe chake, akatoa feza za samaki wakavu anaowauza sokoni, akahesabu dola 70, akaziweka pale. Akaniangalia: «Mwanangu, utapumzika lini? Siku ya kuzikwa?»

Tukaingia.

Mle ndani kulikuwa makochi laini, bafu yenye maji ya moto, injera na mchuzi, na kahawa ya Ethiopia katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Nilimwogesha mtoto, akalala papo hapo. Mama aliweka miguu juu ya kiti, akasinzia. Baba watoto alikuwa amebeba sahani yake na kwenda kukaa nyuma ya nguzo, akitupa mgongo. Mama naye alipoamka alikula akiangalia ukuta. Kati ya wageni waliokula bila kujali nani anawaona, wawili hao walilinda heshima ya nyumbani. Nilicheka peke yangu, kisha nikalala usingizi mzito.

Mama wapenzi, msifikiri chumba kile ni cha wakubwa tu. Anaingia mwenye tiketi ya daraja la juu, mwenye kadi ya msafiri wa mara nyingi, mwenye kadi ya benki inayokubaliwa, na mahali pengi hata anayelipa mlangoni. Lakini ulizeni kabla ya kutoka nyumbani: kadi inaingiza watu wangapi? Watoto wa umri gani hawalipi? Mnaruhusiwa kukaa muda gani? Pengi ni saa tatu tu. Sisi tuliingia mapema, saa zetu zikaisha, tukarudi kungoja nje. Afadhali kuingia mwishoni. Na mkiwa ndani, mtazame skrini, maana mara nyingi ndege hazitangazwi mle. Chakula nacho hakitoki nje: binti yangu ndiye aliyerudisha sambusa mbili alizozikuta katika sakoshi ya nkambo wake!

Tuliporudi nyumbani nilitaka kumlipa Mama ile feza. Alikataa. Nikafungua daftari ambamo nilikuwa nimeandika hesabu yote ya safari tangu tulipoanza likelemba: viza, tiketi, Go-Pass, nguo za baridi, zawadi. Kila mtu alikuwa na mstari wake, isipokuwa miye. Hakuna aliyenisahau; ni miye mwenyewe niliyeandika.

Sasa daftari lina mstari mpya: pumziko la mama. Si lazima iwe Addis Ababa. Hata ukienda Kasumbalesa kutafuta unga, andika feza ya kiti kivulini na chupa ya maji baridi. Usipoiandika wewe, mama yako ataifungua katika kikwembe chake.

Tuonane siku ya posho kwenye kikao.