Mji wa mwaka mmoja

Marehemu mama yangu aliishi kwa zaidi ya miaka arobaini katika nyumba moja ya Mtaa wa Mafia, Kariakoo, na hakuwa mtu wa maswali mengi. Jioni moja ya mwaka 2022, akiwa ameketi barazani na tasbihi mkononi, aliniuliza swali ambalo hadi leo sijalisahau: "Mwanangu, katika miji hiyo yote, upi ambao nikifa utawahi kunizika?"

Miji yenyewe ilikuwa mitatu. Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021 haukulifikia duka la vitambaa nililoajiriwa, lakini biashara ya mtaa mzima iliyumba. Tajiri wangu akaamua kutafuta njia mpya za bidhaa, naye alihitaji mtu wake wa kukaa mwaka mzima katika mji wa bandari nje ya nchi. Alinitajia Maskati, Durban na Mombasa, akanipa wiki mbili za kuchagua.

Usiku ule tulikaa kikao cha familia. Binti yetu mkubwa alichana karatasi ya daftari, akachora safu nne: msikiti na madrasa, shule, gharama, na umbali kutoka nyumbani. Nilifurahi kumwona akipanga mambo kwa utaratibu kuliko baba yake.

Maskati ilianza kwa nguvu. Posho yake ilikuwa kubwa kuliko zote, na sisi watu wa pwani hatuwezi kuuita ule mji wa ugenini kabisa. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar akitokea huko, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, familia nyingi zilivuka tena bahari kuelekea Oman zikiwa na Kiswahili chao. Hadi leo unaweza kuagiza chai Maskati kwa Kiswahili na ukaeleweka. Lakini jua la huko wakati wa kiangazi hupita nyuzi joto 40, na kibali cha kuishi na familia kilitegemea karatasi nyingi ambazo tajiri hakuwa na hakika nazo. Ningeweza kujikuta niko peke yangu.

Durban sikuijua vizuri, kwa hiyo nilimwendea mzee mmoja niliyezoea kuswali naye Msikiti wa Mtoro, ambaye katika ujana wake alifanya kazi Afrika Kusini. Alinisimulia habari iliyonigusa. Kuanzia mwaka 1873 Waingereza walipeleka Durban watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, wakiwa wamepitishwa Zanzibar. Wakaitwa Wazanzibari. Waliwekwa King's Rest, wakaushika Uislamu wao kizazi baada ya kizazi, hata serikali ya ubaguzi wa rangi ilipowahamishia Chatsworth. Wao hawakuulizwa wanautaka mji gani. Nilirudi nyumbani nikiwa na haya kidogo kwa jinsi nilivyokuwa nikilalamikia uzito wa kuchagua. Hata hivyo Durban ilikuwa mbali, na lugha ya shule na mtaani ingewalemea watoto kwa mwaka mmoja tu.

Mombasa haikuwa na posho ya kujivunia. Ilikuwa na Mji wa Kale, misikiti iliyotutangulia kwa karne nyingi, na madrasa zilizolelewa na mikono ya watu kama Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya. Ni safari ya takriban kilomita 500 kwa basi, mpaka ukiwa Horohoro na Lunga Lunga.

Karatasi ilipojaa, mke wangu, ambaye alikuwa kimya muda wote, alisema kwa upole: "Mmeandika shule, msikiti na bandari. Hamjaandika mimi nitafanya nini mwaka mzima." Ana fremu ndogo Mtaa wa Swahili na vyerehani vitatu, na ada za shule za watoto wetu hutoka humo mara nyingi kuliko mfukoni mwangu. Nilikuwa nimekusanya shura nikamsahau mshauri wa kwanza. Binti akachora safu ya tano.

Niliswali istikhara siku saba, kila asubuhi nikijaribu kukumbuka ndoto. Imamu wetu ndiye aliyenizindua. Aliniambia kuwa istikhara ni dua ya kumwomba Allah akufanyie wepesi jambo lenye kheri na akuepushe na lenye shari. Wala si sharti uoteshwe. Fanya shauri, omba, kisha shika njia. Nilishika njia ya Mombasa. Mke wangu angeweza kuvuka na cherehani kimoja, na mama yangu angekuwa mwendo wa basi la siku moja.

Tulipanga vyumba viwili Mji wa Kale. Haukupita muda mrefu, mtoto wa mwisho akawa anarudi madrasa akisema "ndia" badala ya "njia", na mke wangu akapata wateja wa mabuibui kabla mimi sijapata muuzaji wa kwanza wa vitambaa. Kila baada ya miezi miwili nilipanda basi, nikalala siku mbili kwa mama.

Mwezi wa tisa, baada ya swala ya alfajiri, dada yangu alinipigia simu. Mama ametutoka. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Tiketi ya ndege ya siku ile sikuipata, nikakimbilia basi la asubuhi. Tulipokuwa kwenye foleni ya mpaka dada akapiga tena: "Tukusubiri?" Najua mafundisho ya Mtume (SAW) kuhusu kuharakisha maziko, na nilikwishayasikia mara nyingi yakisemwa kwa majirani. Siku ile niliyasema mwenyewe: "Msinisubiri. Mswalieni baada ya Laasiri." Laasiri ilinikuta karibu na Chalinze. Nilimwombea nikiwa kitini, na kaburi lake pale Kisutu nililiona asubuhi iliyofuata.

Katika siku za msiba jamaa mmoja alisema kwa nia njema, "Lau ungekuwa Maskati, ndege ni saa tano tu." Mtume (SAW) ametuonya kuhusu neno hilo "lau", kwamba hufungua mlango wa kazi ya shetani, na kweli nilihisi mlango ukifunguka kifuani mwangu. Dada yangu ndiye aliyeufunga. Aliniambia kuwa mama alikuwa akihesabu safari zangu kwa vidole, nazo zilikuwa nne, na kwamba kila nilipoondoka aliwaambia majirani, "Amechagua karibu."

Sikuwahi kumzika. Niliwahi kumwona akiwa hai mara nne, nikala chakula chake, nikamsikiliza. Basi ndugu msomaji, safari ikikujia, kaa na walio wako wote, na usiache safu ya mkeo tupu wala swali la mzazi wako bila kujibiwa. Kisha muombe Mola wako, ushike njia. Nami nakuomba umkumbuke mama yangu katika dua zako.